Obi ya Wajapani: Mshipi, Mahazamu au Mkaja?

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Je, neno la kuazima nalo husitiri maana? Swali hili humkabili mtafsiri anapokutana na neno obi katika maandishi ya Wajapani. Aghalabu huandika "mshipi" na kuendelea na safari yake. Makala haya yanadhamiria kubainisha kinachopotea njiani.

Obi ni kitambaa kirefu kinachozungushwa kiunoni juu ya kimono, vazi la jadi la Japani. Obi rasmi ya mwanamke huweza kufikia urefu wa mita 4 na upana wa sentimita 30. Ya mwanamume ni nyembamba, takriban sentimita 10. Hapo awali, ya wanawake nayo ilikuwa nyembamba. Ilipanuka na kurefuka katika enzi ya Edo (1603–1868), hata ikawa pambo linaloshindana na vazi lenyewe. Mtaa wa Nishijin jijini Kyoto umesifika kwa ufumaji wa obi za hariri.

Ajabu ni kwamba obi hii pana siyo hasa inayoshikilia kimono. Kazi hiyo hufanywa na kamba nyembamba zilizofichwa chini yake. Jukumu kuu la obi ni kusema. Fundo lake, ambalo siku hizi aghalabu hukaa mgongoni, hudokeza umri wa mvaaji na uzito wa hafla. Fundo la taiko, yaani ngoma, huvaliwa sana na wanawake walioolewa, ilhali mafundo yenye madoido mengi huwafaa wasichana ambao hawajaolewa.

Kiswahili kina hazina gani basi? Mshipi hukaza nguo, wala hausemi. Mahazamu na masombo hukaribia obi kwa umbo. Mkaja huikaribia kwa maana, kwani kitambaa hicho cha mzazi kimelipa jina tunzo la mama wa bibi arusi. Hata hivyo, kuiita obi mkaja ni kumtwika msichana wa Kyoto uzazi asiokuwa nao.

Kwa maoni yetu, neno obi lihifadhiwe katika ngeli ya I-ZI, kama lilivyohifadhiwa kimono, na lifafanuliwe linapotajwa mara ya kwanza: "obi, mahazamu ya kimono". Hapo neno litakuwa limeazimwa, lakini maana itakuwa imesitirika.