Kisu cha jikoni chaweza kueneza mnyauko wa migomba

Ndizi zilizopikwa pamoja na maharage ni mlo wa kawaida katika kaya nyingi za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera; msimu wa mavuno unapofika, maharage hupikwa yakiwa mabichi. Hata hivyo, kisu kinachokata mkungu kwa ajili ya mlo huo chaweza kuangamiza shamba zima.

Mnyauko bakteria, ugonjwa uliobainika mkoani humo mwaka 2006, huenezwa pia na utomvu unaobaki kwenye kisu au panga. Majani hunyauka, na ndizi huiva kabla ya wakati zikiwa na rangi ya kahawia ndani.

Wataalamu wa kilimo hushauri kisu kichomwe motoni hadi kiwe cha moto kabisa, kabla ya kukata mgomba mwingine. Moto huo hupatikana katika kila jiko.