MSAADA WA KARAMOJA: TUTOE KWA MPANGO



Wengi wetu tumewaona akina mama na watoto wa Karamoja wakiomba katika barabara za Kampala. Wengi wao hutoka wilaya ya Napak. Sheria ndogo ya jiji ya mwaka 2019 ilikataza kuwapa watoto wa barabarani fedha au chakula. Basi wako wanachama wanaouliza: je, tukunje mikono? Sisi tunasema, la! Tutoe, lakini tutoe kwa mpango.

Kwanza tujue njaa inatoka wapi. Huku kwetu mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka. Karamoja ina msimu mmoja tu. Mvua ikikosa, mtama hukauka na hakuna msimu wa pili wa kutegemea. Mfugaji hupeleka ng'ombe sokoni. Kwa kuwa wenzake nao wanauza, bei ya ng'ombe huanguka na bei ya nafaka hupanda. Akishauza ng'ombe wa mwisho, hata mvua ikirudi yeye amebaki maskini. Kwa hiyo msaada unaongoja mpaka watu wadhoofike umechelewa.

Mwaka 1980 njaa iliua maelfu ya watu Karamoja. Mwaka 2022 watu zaidi ya 500,000 huko walikosa chakula cha kutosha. Na mwaka 2023 ilijulikana kwamba mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya wanyonge wa Karamoja yalikwenda kwa wakubwa. Mawaziri watatu walifikishwa mahakamani.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Siku ya mshahara kila mwanachama atoe anachoweza, naye apewe risiti. Hesabu isomwe katika mkutano wa tawi na kubandikwa ukutani. Tena wenye shida waulizwe wenyewe wanahitaji nini: pengine ni mbegu, pengine dawa ya mifugo, pengine kutengeneza pampu ya kisima iliyoharibika.

Wako watakaosema kwamba mshahara wetu wenyewe hautoshi. Ni kweli, wala hatutaacha kudai nyongeza. Lakini mkulima na mfugaji ndio wanaotulisha. Nyama inayochomwa hapa Kabalagala haikuota mjini.

Haba na haba hujaza kibaba. Tukijaze, halafu tukifuate kwa macho mpaka kimfikie mwenye njaa.