Usitie susa katika ndoo ya mabati

Kule Garissa na Wajir maziwa ya ngamia yaliyochachuka huitwa susa. Ni kinywaji kitamu, lakini usiyatie kamwe katika ndoo ya mabati. Kwa nini?

Ndoo hiyo ni chuma kilichopakwa zinki. Mwanafunzi wa kemia anajua kwamba zinki ni metali tendaji kuliko chuma. Kwa hiyo maji na hewa vikiishambulia ndoo, zinki hutangulia kuliwa, na chuma husalimika.

Susa, hata hivyo, ina asidi. Kila atomu ya zinki huipa asidi elektroni mbili, kisha zinki huyeyuka na gesi ya haidrojeni hutoka. Huo ndio mmenyuko wa redoksi: mmoja hutoa elektroni, mwenzake huzipokea.

Zinki iliyoyeyuka hubaki katika maziwa. Anayeyanywa huweza kuumwa na tumbo na kutapika.

Nawe uliye mjini, juisi ya ndimu au ya ukwaju ni vivyo hivyo. Tumia kibuyu, chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu. Ndoo ya mabati iache iteke maji.