Kutafuta Baridi kwa Jua: Hesabu Kwanza, Pesa Baadaye



Siku moja tulikuwa tumekaa chini ya mti karibu na soko la Kimana, mimi na kikundi cha kina mama wanaouza maziwa. Gari kubwa jeupe likapita likielekea Amboseli. Lilikuwa lile gari-nyumba la wageni, lenye kitanda, jiko na meza ndani yake. Juu ya paa paneli za sola zilikuwa zimelala kama mabati. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kambi ya watalii akatuambia, "Hilo lina kiyoyozi. Amboseli hata ichome namna gani, wenyewe wako kwa baridi."

Mwenyekiti wa kikundi akanigeukia. "Mwalimu, kama jua linaweza kupoza nyumba nzima yenye magurudumu, litashindwaje na maziwa yetu ya jioni?"

Swali lilikuwa zuri, tena lilikuja kwa wakati wake. Kikundi kilikuwa kimeweka akiba kwa miezi mingi, na wiki ile ile walitaka kutuma mtu Kitengela akanunue paneli moja, betri moja na friji ya mtumba. Niliwaomba wangoje wiki mbili. Haya hapa ndiyo tuliyojifunza pamoja katika hizo wiki mbili.

Kwa nini maziwa ya jioni

Maziwa ya asubuhi hayana shida kubwa. Yanakamuliwa, gari linapita, yanaenda. Ya jioni ndiyo hulala nyumbani na kuamka yamechacha. Tangu ukame wa 2021 na 2022, ambapo Kajiado tulipoteza mifugo mingi sana, kila lita inahesabiwa. Mama akimwaga lita tano asubuhi, amemwaga karo ya mtoto.

Lakini niliwaomba wangoje kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Miaka iliyopita nilikuwa na kikundi kingine katika kaunti hii. Sola yao ilikuwa inawasha taa vizuri, wakaniuliza kama itaendesha friji. Nikasema, "Jaribuni." Betri ilikufa kabla ya mwaka kwisha, na ile friji ikawa kabati la kuwekea unga. Hakuna aliyewadanganya. Ni kwamba hakuna aliyepiga hesabu, na wa kwanza ni mimi.

Baridi ni kuhamisha joto

Tuanze na jambo moja ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Friji na kiyoyozi havitengenezi baridi. Vinatoa joto ndani na kulimwaga nje. Weka mkono nyuma ya friji inayofanya kazi, utasikia joto. Hilo ndilo joto lililotoka kwa maziwa yako. Kazi hiyo hufanywa na kompresa, mashine ndogo inayosukuma gesi kwenye mabomba. Kusukuma huko ni kazi nzito, kama kuchota maji kwa ndoo kutoka shimo refu. Taa haina kazi ya namna hiyo. Ndiyo maana sola inayowasha taa nyumba nzima huenda isiweze friji hata moja.

Sola si kitu kigeni Kenya. Tangu katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na shule upande wa Meru zilizokuwa zikisomea kwa taa za jua. Tumezoea sana sola ya taa, redio na simu, tukadhani kila kitu ni vivyo hivyo.

Kisima, tangi na mifugo

Sisi watu wa Kajiado tunajua maji, kwa hiyo tuhesabu kwa maji.

Paneli ni kisima kinachotoa maji mchana tu. Betri ni tangi. Vyombo vyako ni mifugo inayokuja kunywa. Taa ya kisasa ya wati 5 ni kuku. Redio ni mbuzi. Friji ni ng'ombe. Kiyoyozi ni kundi zima linaloshuka kisimani na kiu ya siku tatu.

Kipimo cha kunywa ni wati-saa. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 4 imekunywa wati-saa 20. Ni kuzidisha tu: wati mara saa.

Kwa kisima, sehemu zetu hupata kama saa 5 za jua kamili kwa siku ya kawaida. Ukitoa kinachopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri, kila wati 1 ya paneli hukupa kama wati-saa 3 na nusu kwa siku. Kwa hiyo paneli ya wati 100 hutoa karibu wati-saa 350, si zaidi.

Kwa tangi, betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 imebeba wati-saa 1,200. Lakini hii ya risasi na asidi usiinywe kupita nusu, utaiua mapema. Kwa hiyo hesabu 600. Betri za lithiamu hukubali kunywewa zaidi ya hapo na huishi miaka mingi zaidi, ila bei yake ya mwanzo ni kubwa.

Sasa tuhesabu lile gari

Kiyoyozi cha juu ya paa la gari-nyumba hula kama wati 1,200 au zaidi kompresa ikiwa inazunguka. Wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa kitambo kidogo. Tuseme kinafanya kazi saa 6. Hizo ni wati-saa 7,200. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama stima ya nyumbani, nayo hula sehemu yake. Weka 8,000.

Gawa kwa 3 na nusu: unahitaji paneli za karibu wati 2,300. Paneli ya wati 200 huchukua kama mita moja ya mraba. Paa la gari la mita 6 kwa 2, ukitoa madirisha ya juu na kiyoyozi chenyewe, halitabeba zaidi ya 8 hivi. Hizo ni wati 1,600. Haitoshi! Na ile betri yetu moja ya wati-saa 600 ingeisha kwa nusu saa tu.

Mama mmoja aliposikia hivyo alicheka. "Kumbe wageni nao wanakaa na joto." Wengine ndiyo, na wengine huwasha jenereta. Lakini wako wanaofaulu, na mbinu zao ndizo zinazotufaa sisi.

Mbinu nne za wanaofaulu

1. Huzuia joto kabla ya kulifukuza. Hufunika vioo, huweka kuta zenye sponji nzito, huegesha penye upepo. Joto lisiloingia halihitaji kutolewa.

2. Huweka gari kivulini na paneli juani. Ukiegesha chini ya mgunga, gari linapoa lakini paneli za juu ya paa zinalala njaa. Ukiegesha juani, paneli zinashiba na gari linakuwa tanuri. Kwa hiyo huwa na paneli za kushushwa, zinazowekwa mbali kwa waya mnene. Waya mwembamba na mrefu hupoteza umeme njiani kama bomba linalovuja.

3. Hupoza sehemu ndogo. Hawapozi gari zima, hupoza pale pa kulala tu, kwa mashine ndogo ambayo kompresa yake hujipunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka.

4. Huweka akiba ya baridi wakati jua ni kali. Saa 6 hadi saa 9 mchana paneli zimeshiba, basi hupoza sana wakati huo, kisha hufunga milango.

Hiyo ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. Zahanati nyingi sasa zina friji za chanjo za sola zisizo na betri kabisa. Chanjo lazima ikae kati ya digrii 2 na 8. Friji hizo huganda barafu ndani mchana, na barafu hiyo hushika baridi usiku kucha. Betri ndiyo hufa kwanza katika sola yoyote, na barafu haifi. Ikiyeyuka, unaigandisha tena kesho.

Hesabu ya maziwa yetu

Tuseme kikundi kina lita 20 za jioni. Maziwa mabichi yakiwa na digrii 32 na ukitaka kuyafikisha 4, lazima utoe joto la karibu wati-saa 600. Friji ndogo nzuri ya volti 12, ile inayofunguliwa kwa juu kama sanduku, itakula kama wati-saa 500 kwa kazi hiyo, na 350 nyingine kwa kujishikilia baridi siku nzima. Jumla 850. Weka 1,000 kwa usalama.

Gawa kwa 3 na nusu: paneli za wati 300, yaani mbili za wati 150. Betri mbili za ampea-saa 100. Si paneli moja na betri moja. Na ile friji ya mtumba ya stima ya nyumbani ingehitaji inveta pia, tena zile za zamani hula sana.

Kisha tukatumia mbinu ya barafu. Maziwa yakiondoka asubuhi, friji inakaa tupu mchana kutwa, na huo ndio wakati jua ni kali. Basi jazeni chupa za maji, jumla lita 7 hivi, zigande mchana. Jioni pangeni chupa hizo kuzunguka makopo ya maziwa. Barafu itafanya kazi kubwa, na betri itapumzika. Hakikisheni friji mnayonunua inaweza kugandisha.

Na kabla ya friji, tumieni bure. Wekeni makopo yaliyofungwa kwenye karai la maji baridi mara tu baada ya kukamua, mkiyakoroga kwa mwiko safi. Yakishuka kutoka digrii 32 hadi 22 mmepunguza zaidi ya theluthi ya kazi ya friji, bila shilingi.

Neno moja la ukweli: baridi haiponyi maziwa machafu. Inachelewesha vijidudu tu. Makopo ya alumini yanayooshwa vizuri ni bora kuliko madebe ya plastiki, ambayo pembe zake hazifikiwi na mkono.

Kabla ya kutoa pesa

• Andikeni hesabu yenu kwenye karatasi na mwende nayo dukani. Muuzaji akikataa kuisoma, nendeni kwa mwingine.
• Mwulizeni fundi leseni yake ya sola kutoka EPRA. Kanuni zinamtaka awe nayo.
• Dai risiti na waranti iliyoandikwa, ya paneli na ya betri kila moja peke yake.
• Friji ikae kivulini penye hewa, mbali na ukuta. Paneli zikae juani, zielekee kaskazini kidogo, na mteremko wa digrii 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi.
• Mtu mmoja awe na kazi ya kupangusa paneli, na mwingine ufunguo wa friji. Friji ya kila mtu hufunguliwa na kila mtu, na baridi inatoka.
• Msinunue kwa pesa zote. Bakisheni ya betri nyingine, kwa sababu siku yake itafika.

Kikundi kilifanya nini

Hawakwenda Kitengela wiki ile. Walianza na karai na makopo mapya. Hapo tu maziwa yaliyochacha yakapungua, na wengine wakauliza kama friji inahitajika kweli. Walibishana mikutano miwili. Mwishowe wakaongeza mchango, wakangoja zaidi ya nusu mwaka, wakanunua paneli mbili, betri mbili na friji ya sanduku.

Si kwamba sasa kila kitu ni sawa. Mwezi wa saba, mawingu ya mlimani yakikaa Loitokitok siku nyingi, friji huweza kama nusu ya maziwa tu, na kina mama wameandika zamu ya nani anaingiza lake. Zamu hiyo imeleta maneno kuliko sola yenyewe. Lakini betri zimeshapita mwaka, na friji haijageuka kabati.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Ni kitu gani kwetu kinaharibika kwa joto? Kiasi gani kwa wiki, na ni pesa ngapi?
2. Tunaweza kuzuia joto gani bila kununua kitu?
3. Mifugo yetu inayokunywa umeme ni mingapi? Kila mtu ahesabu vyombo vya nyumbani kwake kwa wati-saa.
4. Jua likipungua na baridi isitoshe wote, nani atangoja? Amueni kabla ya kununua.