Utajiri Huku, Hoteli ya Kale Kule

Anayeingia Kahama au Geita usiku hakosi pa kulala. Gesti zimejipanga kando ya barabara, na hoteli za ghorofa zenye vioo zinazidi kuongezeka. Wateja wake ni wanunuzi wa dhahabu, mafundi wa mitambo, madereva wa malori, na wachimbaji wadogo waliotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, ya Rwamgasa au Nyarugusu. Lakini akitaka hoteli ya kale, yenye varanda pana na kuta zilizoona watu wa zama nyingine, itabidi asafiri.

Jambo hilo linashangaza, maana ukanda huu wa madini haukuanza kuchimbwa jana. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Huu wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Mwadui, karibu na mji wa Shinyanga, Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ikapatikana hapo almasi ya rangi ya waridi, ambayo Williamson alimzawadia Princess Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilipochongwa ilibaki na uzito wa karati 23.6.

Mwadui ilikuwa mji ndani ya uzio: shule, hospitali, maduka na uwanja wa ndege, vyote vya mgodi. Mgeni mkubwa aliweza kutua, akatazama almasi, kisha akaruka tena bila kukanyaga soko la Shinyanga. Mji usiopitiwa na mgeni hauna sababu ya kumjengea hoteli.

Hoteli za zamani zilifuata reli. Ndiyo maana mojawapo iko Tabora, karibu kilomita 200 kutoka Shinyanga. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na jengo linaloitwa leo Orion Tabora Hotel huhesabiwa kuwa la mwaka 1914, zama za Wajerumani. Mwaka huohuo vita vikuu vikazuka. Tabora ikageuka makao ya utawala wa Kijerumani, mpaka majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipouteka mji Septemba 1916.

Mwaka huohuo, kabla ya mji kutekwa, katika karakana ya reli, Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Zilitoka zipatazo 16,000, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombea.

Kulala katika jengo la umri wa hoteli hiyo ya Tabora kuna raha yake, na raha hiyo ina maelezo. Waliojenga kabla ya viyoyozi walipambana na joto kwa ukuta mnene, dari la juu na varanda inayolizuia jua lisiguse chumba. Basi mgeni afanye haya: aombe chumba kinachofunguka upande wa bustani, aketi nje jioni, na asione haya kuwauliza wahudumu wa siku nyingi habari za nyumba. Hao ndio wanaojua kilichobomolewa na kilichoongezwa.

Maana kubomolewa kupo. Dar es Salaam, Wajerumani walifungua Kaiserhof mwaka 1906, jirani na kanisa la Kilutheri la Azania Front. Baadaye ikawa New Africa, na miaka ya 1960 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika na waandishi wa habari walikutana hapo. Jina lipo mpaka leo, mahali ni palepale, ila jengo ni jipya. Ni hasara ya kweli: mgeni anaonyeshwa historia lakini hana ukuta wa kuugusa.

Tawi la reli kutoka Tabora lilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, lakini abiria wa kubadilisha treni waliendelea kusubiri Tabora. Sasa reli ya kisasa inajengwa kuelekea Mwanza kupitia Isaka, wilayani Kahama, ambako mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa tangu zamani. Wenye viwanja karibu na stesheni ya Isaka wana nafasi ambayo Mwadui, pamoja na almasi zake zote, haikuipa Shinyanga.