Damu ya Watoto Kwenye Sherehe

Watoto walikuwa kwenye sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mwenzao, nchini Uingereza. Humo humo sherehani wakachomwa sindano wakatolewa damu, kisha kila mmoja akapewa pauni 5. Aliyepanga hayo ni baba wa mtoto mwenye sherehe, daktari Andrew Wakefield. Alitaka damu ya watoto wasio na usonji ailinganishe na ya wenye usonji.

Wengi tunalijua jina lake kwa jambo jingine. Mwaka 1998, katika jarida la Lancet, yeye na wenzake walieleza habari za watoto 12 na kuhusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Madai hayo yamepimwa yakaanguka. Huko Denmark, utafiti uliotoka mwaka 2019 ulifuatilia watoto 657,461. Waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Hofu imedumu, nami naielewa. Dalili za usonji mara nyingi huanza kuonekana mtoto akiwa katika mwaka wa pili, na hapa Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na tena 18. Sindano ina tarehe kwenye kadi ya kliniki. Ubongo ulioanza kukua kwa namna yake tangu tumboni hauna tarehe ya mama kuikumbuka.

Kinachoniumiza mimi, daktari wa watoto, ni kile kisichosemwa sana. Baraza la madaktari la Uingereza lilikuta kwamba baadhi ya watoto wale 12 wa utafiti walipitishiwa mpira wenye kamera njia ya haja kubwa hadi kwenye utumbo mpana, na wengine wakachomwa mgongoni kutolewa maji ya uti wa mgongo, bila hali zao kuhitaji vipimo hivyo na bila kibali cha kamati ya maadili. Mwaka 2010 Lancet ikaifuta makala, na Wakefield akaondolewa kwenye daftari la madaktari.

Mtoto wa miaka 4 asiyeongea hukataa kwa mwili. Anajikunja, anauma mkono wa nesi, anapiga kelele, anaziba masikio. Sisi watu wazima tunamshika kwa nguvu na kusema ndio usonji wenyewe huo. La, huko ni kukataa, na daktari anapaswa kumsikia mtoto. Maumivu ninayompa lazima yawe na faida kwake yeye, maana sahihi ya mzazi peke yake haitoshi kuyahalalisha. Mwaka 2005, jimboni Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki akitiliwa mshipani dawa ya kuondoa madini mwilini, dawa isiyo na ushahidi wowote wa kutibu usonji.

Mzazi mwenzangu, ukiombwa umwingize mwanao kwenye utafiti, omba kwanza kuona kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Hakipo, ondoka na mtoto wako. Na chanjo yake ya miezi 18, mpeleke akapate.