Muda wa Kushusha Mzigo wa Duka

Lori linaposimama mbele ya duka la jumla huko Kikoneni, katika wadi ya Pongwe/Kikoneni ya eneo bunge la Lunga Lunga, kaunti ya Kwale nchini Kenya, na likakaa hapo hadi adhuhuri, lawama huwaangukia upesi wachukuzi kwamba ni wazembe au ni wachache, ilhali sehemu kubwa ya muda huo huwa imekwisha kuamuliwa mbali na hapo, saa ile bidhaa zilipokuwa zikipangwa ndani ya lori. Katika taaluma ya ugavi, yaani elimu ya kusafirisha, kuhifadhi na kusambaza bidhaa, muda wa kushusha hauanzi pale gunia la kwanza linapoguswa. Huanza magurudumu yanaposimama, na humalizika mpokeaji anapotia sahihi hati ya kupokelea mzigo. Kati ya nyakati hizo mbili mna kungoja, kubeba na kuhakiki, na hapana uhakika hata kidogo kwamba kubeba ndiko kunakotumia dakika nyingi zaidi.

Hesabu ndogo yatosha kulionyesha jambo hili. Ichukuliwe kwamba duka limeagiza takriban tani 5 za unga wa mahindi, na kwamba unga huo umefungwa kwa mabunda ya pakiti 12 za kilo 2, kila bunda likiwa na kilo 24. Mzigo wote utakuwa mabunda 208. Ikiwa lori limeegeshwa mita 15 kutoka ghalani, na mchukuzi akatumia sekunde 15 kupokea bunda, sekunde 30 kwenda na kurudi, na sekunde 15 nyingine kulipanga, wachukuzi wawili wataimaliza kazi kwa dakika 104, kila mmoja akiwa amebeba karibu tani 2 na nusu na kutembea zaidi ya kilomita 3. Lori hilohilo likishindwa kurudi nyuma hadi mlangoni, kwa sababu ya pikipiki zilizoegeshwa au tope la masika, na umbali ukawa mita 30, watu walewale, kwa bidii ileile, watatumia dakika 156. Karibu saa nzima itakuwa imepotea pasipo mtu yeyote kufanya uvivu.

Mwenye duka akiongeza wachukuzi wawaye wanne, na lori likiwa katika umbali ule wa kwanza, atatarajia dakika 104 zipungue hadi 52. Zitapungua hivyo ikiwa tu karani anayehesabu mlangoni anaweza kwenda na kasi yao, yaani kuhesabu bunda moja kila sekunde 15. Akihitaji sekunde 20, kazi yote itachukua dakika 69, na wachukuzi watajipanga foleni wakiwa na mizigo mabegani, jambo ambalo ni baya kuliko kusimama mikono mitupu. Wataalamu huitafuta kwanza hatua hiyo iliyo finyu kuliko zote, maana ndiyo inayoamua mwendo wa kazi nzima, na kuongeza nguvu mahali pengine popote ni gharama isiyozaa kitu. Mara nyingi dawa yake ni nyepesi: mabunda yapangwe kwa safu za idadi inayojulikana, kisha zihesabiwe safu badala ya bunda mojamoja.

Uzito nao una hesabu yake. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, katika kanuni yake iliyorekebishwa mwaka 1991, iliweka kilo 23 kuwa uzito wa juu wa kuinuliwa kwa mikono katika hali bora kabisa, mzigo ukiwa karibu na mwili, kiuno kisipopindwa na kazi isiporudiwarudiwa. Hali inapokuwa mbaya zaidi, kiwango hicho hushushwa. Bunda la unga, ambalo dukani huonekana kuwa mzigo mwepesi, tayari limeuvuka mpaka huo kwa kilo 1, na gunia la sukari au mfuko wa saruji wa kilo 50 umeuvuka zaidi ya mara mbili, ingawa Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linaruhusu hadi kilo 55 kwa mwanamume mzima, na Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoelekea kumdhuru. Kwa bahati njema, sakafu ya lori iliyo juu humsaidia mchukuzi, kwa kuwa mwenziwe aliye juu huuvuta mzigo hadi ukingoni na yeye akaupokea begani, au kichwani juu ya kata, bila kuinama. Msaada huo hupungua kadiri lori linavyokuwa tupu, kwa sababu aliye juu hulazimika kuvuta kutoka mbali zaidi kila mara. Ndiyo maana mwisho wa mzigo huenda polepole kuliko mwanzo, na si haki kuuita mwendo huo uzembe wa makusudi.

Mapumziko pia ni sehemu ya kazi. Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani aliyechunguza upakiaji wa vipande vya chuma katika kiwanda cha Bethlehem mwaka 1899, alidai kwamba mtu mmoja aliweza kupanda kutoka tani 12 na nusu kwa siku hadi tani 47 na nusu. Charles Wrege na Amedeo Perroni walionyesha mwaka 1974 kwamba kisa hicho kilitiwa chumvi nyingi, na wasimamizi wanaokitumia kuwahimiza watu wafanye kasi husahau kwamba Taylor mwenyewe aliandika kuwa mbeba vipande vya kilo 42 hafai kuwa na mzigo mikononi kwa zaidi ya asilimia 43 ya siku. Katika joto la pwani la Februari na Machi, au mwezi wa Ramadhani ambapo wengi Kwale huwa wamefunga, lori linalofika alfajiri huokoa muda mwingi kuliko kelele za msimamizi.

Hata hivyo, chanzo kikubwa cha kuchelewa kimo ndani ya lori lenyewe. Lori linalotoka Mombasa, ama kwa kivuko cha Likoni ama kwa barabara ya Dongo Kundu, huweza kushusha Ukunda na Msambweni kabla ya kuingia Kikoneni, kisha likaendelea mbele, na kwa hiyo mzigo wa duka la mwisho hauna budi kupakiwa kwanza, ukae ndani kabisa. Mpakiaji akiukiuka utaratibu huo, mali ya mtu mwingine itashushwa chini Kikoneni, iwekwe kando na kupakiwa upya, nayo itakuwa imeshikwa mara tatu bila kuuzwa. Kreti za soda huongeza ugumu, kwa kuwa kila kreti ya chupa 24 inayoshuka hutarajiwa ibadilishwe na tupu, na chupa moja iliyovunjika yaweza kuzuia sahihi kwa muda mrefu kuliko magunia 10. Paleti, yaani chaga za mbao zinazobeba shehena nzima kwa toroli, huondoa mengi ya haya palipo na sakafu laini na jukwaa la kupokelea, kama kwenye maduka makubwa ya Diani. Penye uwanja wa mchanga toroli huzama.

Kuchelewa kuna mlipaji. Ripoti ya mkaguzi wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ya mwaka 2018, ilikadiria kwamba dakika 15 zikiongezeka katika wastani wa muda wa lori kukaa mahali pa mzigo, kiwango cha ajali kinachotarajiwa hupanda kwa asilimia 6.2, huenda kwa sababu dereva hujaribu kuzifidia barabarani. Kwale kuna pia machungwa, maembe na nazi zinazosubiri lori hilohilo lirudi nazo sokoni. Mchukuzi anayelipwa kwa gunia, naye, hupoteza ujira wa kila dakika anayosimama akingoja karani au hati. Mwenye duka anayetaka kujua dakika zake zinakwenda wapi aandike nyakati nne tu kwa kila lori: lilipofika, mzigo wa kwanza ulipoguswa, wa mwisho ulipoingia ghalani, na hati ilipotiwa sahihi, kisha ujira wa kungoja autoze upande uliosababisha kungoja, badala ya kumwachia mchukuzi aubebe yeye.